Robert Smalls: Hati ya Nyumba, Kiti cha Bunge

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, wafanyabiashara wa mji huu, kina mama, vijana: assalamu alaykum, na wote hamjambo.

Walionialika wamenipa mada nzito. Wameuliza: mfanyabiashara akiingia bungeni, huwa anakwenda kuwatumikia watu au anakwenda kulitumikia duka lake? Uchaguzi bado, lakini humu ukumbini nawaona watu ambao mabango yao yameshachapishwa, yanangoja gundi tu. Kwa hiyo nimeona nimzungumzie mtu aliyefariki mwaka 1915, ng'ambo ya Atlantiki, asiye na shemeji wala mpwa humu ndani. Nikimsifu hakuna wa kununa, nikimsema hakuna wa kunipeleka kortini.

Jina lake Robert Smalls. Alizaliwa Aprili 5, 1839, katika mji mdogo wa Beaufort, jimbo la South Carolina, Marekani, uani kwa bwana aliyemmiliki yeye na mama yake, Lydia. Alikuja kuwa mjumbe wa bunge la jimbo, akawa seneta wa jimbo, kisha akakaa katika mabunge matano ya taifa kule Washington. Alikuwa na duka, alikuwa na gazeti, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya reli. Pia alishtakiwa kwa rushwa akatiwa hatiani, na hilo sitalificha.

Wanaomjua wanamjua kwa usiku mmoja. Basi tuumalize usiku huo kwanza. Majimbo ya kusini yalikuwa yamejitenga ili kuulinda utumwa, vita vimewaka, na Smalls, kijana wa miaka 23, alikuwa akishika usukani wa Planter, meli ya moshi ya kubeba pamba iliyokuwa sasa inatumikia jeshi la kusini katika bandari ya Charleston. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, maofisa watatu wazungu walishuka kwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Yapata saa tisa usiku mabaharia watumwa waliwasha moto, wakang'oa nanga, wakawapitia wake zao na watoto wao gati jingine. Smalls akavaa kofia ya ukindu ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, na kila ngome waliyoipita alipiga honi ya ishara kama inavyotakiwa. Ngome ya Sumter, yenye mizinga ya kuizamisha meli ile mara moja, ikawaachia. Walipokuwa wametoka nje ya uwezo wa mizinga, wakateremsha bendera, wakapandisha shuka jeupe, wakaikabidhi meli kwa jeshi la majini la kaskazini. Watu 16, wote huru.

Kisa kizuri, na ndicho kinachosimuliwa. Lakini baada ya usiku ule mtu huyu aliishi miaka 52 na zaidi, na mimi nimekuja kwa ajili ya hiyo miaka. Kinachonishangaza ni kwamba kijana aliyetoka utumwani bila kujua kusoma, mambo yake makubwa yote yalikuwa mambo ya karatasi: mkataba, hati, katiba, hundi, kura.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, bwana wake alimpeleka Charleston akakodishwe. Alikuwa mhudumu wa hoteli, akawasha taa za barabarani, akabeba mizigo gatini, akashona matanga, mpaka akafika kwenye usukani. Mtindo huo wazee wa Mombasa na Unguja wanaujua. Mahamali wengi wa karne ya 19 katika bandari zetu walifanya kazi kwa mtu na ujira, au sehemu yake, ukaenda kwa bwana. Kwenye Planter, Smalls alikuwa akipata dola 16 kwa mwezi. Dola 15 zilikwenda kwa bwana. Yeye akabaki na dola moja.

Mwaka 1856, mkesha wa Krismasi, alimwoa Hannah Jones, naye pia mtumwa, wa bwana mwingine. Mwaka 1858 wakapata binti, Elizabeth, na kwa sheria mtoto alikuwa mali ya bwana wa mama. Smalls akaenda kwa yule bwana wakapatana bei: dola 800 kwa mke na mtoto. Mpige hesabu wenyewe, nyinyi watu wa biashara, ni miaka mingapi kwa mtu wa dola moja kwa mwezi. Lakini hesabu si ubaya pekee. Katika sheria za South Carolina mtumwa hakuwa na uwezo wa kufunga mkataba na mtu yeyote. Yule bwana angeweza kupokea mpaka senti ya mwisho kisha akakana, na pasiwe na korti ya kumsikiliza Smalls. Na hata angekuwa mwaminifu, tangu mwaka 1820 aliyekuwa na uwezo wa kumwachia mtumwa huru katika jimbo lile alikuwa mmoja tu: bunge la jimbo. Basi pale Smalls anapokusanya senti zake usiku, nadhani alishajua kuwa fedha bila sheria ni fedha ya kumchezea mtu. Kuiiba meli kulikuwa rahisi kuliko kuinunua familia yake.

Serikali ya kaskazini ilimlipa. Planter ilithaminiwa kwa dola 9,000, bei ya chini mno, na nusu yake wakagawiwa mabaharia. Fungu la Smalls likawa dola 1,500. Hapo nawaomba mtulie. Mtu aliyekuwa mtumwa wiki chache nyuma ana dola 1,500 mkononi. Angefanya nini? Wengi wetu tungefanya karamu, na sisemi ni dhambi.

Yeye alinunua nyumba. Beaufort ilikuwa imetekwa na jeshi la kaskazini tangu Novemba 1861, wazungu wenye mali wakakimbia, na kwa sheria ya mwaka 1862 nyumba zilizokuwa hazijalipiwa kodi ya serikali ya taifa zikapigwa mnada. Katika mnada huo Smalls akainunua ile nyumba ya mtaa wa Prince, nyumba ya bwana wake, ambayo mama yake alikuwa mtumishi ndani yake. Akahamia humo na mama yake. Familia yao inasimulia kuwa baada ya vita mke wa yule bwana, mzee na akili zimechoka, alirudi pale akidhani bado ni kwake, na Smalls akampa chumba.

Baada ya vita watu waliopoteza mali walianza kurudi kudai. Mtu mmoja aitwaye De Treville, aliyekuwa amenunua haki ya nyumba ile kabla ya vita, alimshtaki Smalls akisema mnada ule ulikuwa batili. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1878 Mahakama ikasema hati ya Smalls ni halali. Watu wa Pwani hamhitaji nieleze sana hapa. Mnajua maana ya kukaa pahali miaka thelathini na siku moja akaja mtu na karatasi. Pale Beaufort familia nyingi za watu weusi zilikuwa zimenunua viwanja katika minada ile ile. Laiti Smalls angeshindwa, hati zao zote zingekuwa mashakani. Alipigania nyumba yake, na majirani wakapona naye. Swali la mwenyekiti, la kujitumikia au kuwatumikia watu, kwa kesi hii siwezi kulikata katikati. Yalikuwa jambo moja.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1864 meli ya Planter, ambayo sasa Smalls ndiye nahodha wake, ilipelekwa Philadelphia kufanyiwa matengenezo. Philadelphia iko kaskazini, upande ule ule aliokuwa akiupigania. Siku moja alipanda gari la abiria la kuvutwa na farasi, akaambiwa ampishe mzungu, asimame nje kwenye ubao. Akashuka akaenda kwa miguu. Habari zikaenea, kwamba shujaa wa Charleston ameteremshwa garini, zikawapa nguvu waliokuwa wakiupinga ubaguzi ule, na mwaka 1867 bunge la jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria ya kuukomesha. Katika miezi ile ile ya Philadelphia aliajiri mwalimu akajifunza kusoma na kuandika.

Sasa ruka mpaka 1870. Smalls na wanasiasa wenzake weusi wa South Carolina wanasajili kampuni yao ya reli mjini Charleston, Enterprise Railroad. Mabehewa ya kuvutwa na farasi, ya kubeba mizigo na abiria kati ya magati na vituo vya reli kubwa. Wakurugenzi karibu wote ni watu weusi, isipokuwa mmoja. Mtu aliyeteremshwa garini miaka sita nyuma sasa ana gari lake mwenyewe. Nisiwapambie: kampuni haikudumu mikononi mwao, baada ya miaka michache ilikuwa imehamia kwa wazungu waliokuwa na mtaji mkubwa. Na wengi wa wale wakurugenzi walikuwa ndani ya bunge lililoipa kampuni kibali. Mnacheka, lakini hapo ndipo mada yetu ilipo. Wazungu kabla yao walifanya hivyo hivyo na reli zao na benki zao kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona ajabu. Hiyo ni hoja ya kueleza, si ya kutakasa.

Upande wa biashara nitaje pia duka. Pale Beaufort alifungua duka la watu waliotoka utumwani, pamoja na Richard Gleaves, ambaye baadaye alikuwa naibu gavana wa jimbo. Mwaka 1867 akaongoza kununua kiwanja kwa ajili ya shule ya watoto weusi. Mwaka 1872 akaanzisha gazeti. Haya nayapita, kwa sababu jambo lake kubwa kuliko duka na reli lilikuwa la shule.

South Carolina ilikuwa na sheria tangu 1834 ya kumwadhibu yeyote amfundishaye mtumwa kusoma au kuandika. Januari 1868 ukakutana Charleston mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, wengi wa wajumbe wakiwa watu weusi, na Smalls ni mjumbe wa Beaufort. Yeye akapeleka azimio la shule za umma, za bure, zilizo wazi kwa watoto wote, na wazazi walazimike kuwapeleka. Katiba ya 1868 ikaweka shule za umma kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo lile. Hata watoto maskini wa kizungu wengi wao hawakuwa na shule kabla ya hapo. Mwaka huo huo akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, ambalo nyumba yake ya wawakilishi ilikuwa na watu weusi wengi kuliko wazungu, jambo ambalo halijatokea tena katika jimbo lolote la Marekani. Mwaka 1870 akapanda kuwa seneta wa jimbo. Alikaa, yaani, katika bunge lile lile ambalo miaka kumi tu nyuma ndilo pekee lingeweza kumpa uhuru, na lisingempa.

Agosti 1876, akiwa ameshakuwa mbunge wa taifa, vibarua wa mashamba ya mpunga kando ya mto Combahee waligoma. Walikuwa hawalipwi fedha. Walilipwa vikaratasi ambavyo vinakubalika katika duka la mwenye shamba tu, kwa bei ya mwenye shamba. Gavana akamtuma Smalls. Mwenye duka anatumwa kusuluhisha ugomvi wa vikaratasi vya duka! Alikuta umati wa wagomaji, na upande wa pili kundi la wazungu wenye silaha. Akazungumza na vibarua kwa Kigullah, lugha ya visiwa vile ambayo yeye mwenyewe aliinyonya kwa mama, akawatuliza. Viongozi wao wakakubali kwenda Beaufort wasikilizwe na hakimu, wakaachiwa. Damu haikumwagika. Mwezi mmoja nyuma, Julai 1876, katika mji wa Hamburg jimboni humo humo, wazungu wenye silaha walikuwa wamewaua watu weusi sita, na Smalls ndiye aliyesimama Washington kuisoma barua ya mtu aliyeshuhudia, ikaingizwa katika kumbukumbu za bunge. Mtu akamkata kwa kumtaka aseme ni nani aliyeiandika. Akakataa kumtaja.

Haya, dola 5,000.

Alipokuwa seneta wa jimbo, Smalls alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uchapaji. Kazi za uchapaji za serikali zilikuwa na fedha nyingi sana, na kampuni iliyozipata ilikuwa mali ya makarani wawili wa bunge hilo hilo, mmoja wa seneti na mmoja wa nyumba ya wawakilishi. Nimeona sura za wengine zimebadilika, kumbe si Marekani tu. Mwaka 1877, baada ya chama cha wazungu waliokuwa wamiliki wa watumwa kuirudia serikali ya jimbo kwa vitisho na bunduki, Smalls akashtakiwa kwamba mwaka 1873 alipokea dola 5,000 ili asaidie malipo ya kampuni hiyo. Shahidi mkuu alikuwa Josephus Woodruff, karani wa seneti, mwenye kampuni, aliyekiri wizi wake mwenyewe na kuahidiwa kuwa hatashtakiwa akitoa ushahidi. Smalls akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Akakata rufaa. Mwaka 1879 gavana William Simpson akamsamehe, na msamaha huo ulikwenda sambamba na serikali ya taifa kuacha kesi za wazungu walioshtakiwa kwa ghasia za uchaguzi. Smalls mpaka kufa kwake alisema hakuchukua.

Nitasema ninavyoona mimi. Ushahidi wa mwizi aliyenunuliwa kwa uhuru wake, mbele ya korti ya watu waliokuwa wakitafuta kumwondoa Smalls bungeni, haunitoshi kumwita mla rushwa. Lakini mwenyekiti wa kamati ya uchapaji aliyekubali miaka yote ile kukaa meza moja na makarani waliokuwa wakijipa zabuni wenyewe, huyo alijua. Kwa vyovyote alijua. Alifumba macho kwa sababu makarani walikuwa wa chama chake, na adui alikuwa mlangoni. Adui alipoingia alikuta risasi zimeshajazwa. Sheria zilizokuja kumnyang'anya mtu mweusi kura zilitetewa kwa kutaja ufisadi wa miaka ile, na jina la Smalls likitajwa humo.

Kura zenyewe zilikwenda hivi. Mwaka 1882 jimbo lilipitisha sheria ya masanduku manane: kila cheo sanduku lake, na karatasi ikiingia sanduku lisilo lake inatupwa. Asiyejua kusoma maandishi juu ya sanduku amekwisha. Hapo utaelewa kwa nini watu wale wale walizipunguzia shule za 1868 fedha zao. Smalls aliendelea kuchaguliwa na kung'olewa mpaka 1886, uchaguzi wake wa mwisho wa Washington, akashindwa.

Mwaka 1895 ukaitwa mkutano wa katiba mwingine, na kiongozi wake Benjamin Tillman hakuficha kuwa nia ni kumtoa mtu mweusi kwenye orodha ya wapiga kura. Wajumbe 160, weusi sita, watano wao kutoka Beaufort, na Smalls mmojawapo. Wakati huo mkewe wa pili, Annie, alikuwa mgonjwa, akafariki Novemba mkutano ukiendelea. Smalls alisimama akasema, kwa Kiswahili chetu: "Watu wangu hawahitaji utetezi maalumu, kwa maana historia yao katika nchi hii inathibitisha kuwa wao ni sawa na watu wowote popote. Wanachohitaji ni nafasi sawa katika mapambano ya maisha." Katiba mpya ikamtaka mpiga kura aweze kusoma na kufafanua kifungu cha katiba mbele ya afisa wa kizungu, au awe na mali ya thamani ya dola 300 iliyolipiwa kodi. Smalls alikataa kuitia saini.

Tazameni sasa. Kwa katiba ile Smalls mwenyewe hakupoteza kura. Alijua kusoma, na alikuwa na ile nyumba ya mtaa wa Prince. Waliotupwa nje ni wale vibarua wa Combahee. Angeweza kutia saini na kurudi nyumbani kwake akiwa mpiga kura, tena akipendwa na wakubwa. Mimi kwa mada ya leo sina mizani nyingine kubwa kuliko hiyo: siku ambayo sheria inamlinda mwenye mali na kumuumiza jirani yake, mwenye mali anaweka saini wapi.

Miaka yake ya baadaye alikuwa msimamizi wa forodha katika bandari ya Beaufort, aliteuliwa mwaka 1889, akatolewa, akarudishwa, akashika kazi hiyo mpaka 1913 utawala wa Rais Woodrow Wilson ulipomwondoa. Mwaka 1900 bunge la Marekani lilimwongeza dola 5,000 kwa ajili ya ile meli, miaka 38 baadaye. Alifariki Februari 23, 1915, katika nyumba ile ile. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliipa meli moja ya kivita jina lake, meli ambayo awali ilikuwa na jina la vita walivyoshinda watu wa kusini. Na South Carolina, baada ya mbunge mweusi wa mwisho kuondoka Washington mwaka 1897, haikumpeleka mwingine mpaka Jim Clyburn alipochaguliwa mwaka 1992.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuna muda wa maswali, na naona mkono umeinuka kule nyuma kabla sijashuka. Kama ni la zile dola 5,000, jibu langu nimelitoa, lakini yuko wakili hapa mstari wa pili ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipomtaja Woodruff. Mpeni yeye kipaza sauti kwanza.